Picha ya kale ni shahidi, na shahidi huhojiwa

Katika madarasa yetu mengi picha imepewa nafasi ya mgeni asiyealikwa. Mwalimu hufundisha maneno, mwanafunzi hunakili maneno, na mtihani huuliza maneno. Picha iliyo kando ya ukurasa huachwa ipendeze macho tu, mithili ya pambo la ukutani. Na pale inapoangaliwa, huaminiwa bila swali. Mwanafunzi aliyefunzwa kulichambua shairi ubeti kwa ubeti, na kuisaka nia ya mwandishi wa riwaya, akikutana na mchoro wa mnyama au mmea uliochorwa karne nne zilizopita hudhani kwamba amekutana na mnyama mwenyewe. Huu ni upungufu mkubwa katika elimu yetu, na makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini tusiuvumilie.

Dai langu ni jepesi. Picha ya kale ni andiko kama maandiko mengine. Ina mtunzi wake, ina wakati wake, ina aliyeilipia, ina makosa yake, na aghalabu ina maneno yaliyoandikwa juu au chini yake. Picha ni shahidi. Na shahidi, hata awe mwaminifu namna gani, huhojiwa kabla ya ushahidi wake kupokewa. Maswali ya kumhoji ni matatu. Je, aliyechora aliona au alisikia? Jina lililoandikwa hapo limetoka wapi? Na ni nani aliyemwambia mchoraji yale aliyoyajua? Tuyachukue moja baada ya jingine, kwa mifano ambayo mwalimu yeyote anaweza kuipeleka darasani.

Tuanze na swali la kuona na kusikia. Tarehe 20 Mei 1515 kifaru mmoja aliteremshwa kutoka jahazini katika bandari ya Lisbon, nchini Ureno. Alikuwa ametoka Gujarat, magharibi mwa Bara Hindi, ambako Sultani Muzaffar wa Pili alimtoa zawadi kwa gavana wa Kireno, Afonso de Albuquerque, naye gavana akampeleka kwa mfalme wake, Manuel wa Kwanza. Ulaya haikuwa imemwona kifaru hai tangu enzi za dola ya Warumi, na habari zake zilivuma kama moto wa nyika. Barua pamoja na mchoro wa haraka zikafika Nuremberg, Ujerumani, mikononi mwa msanii mashuhuri Albrecht Dürer. Dürer hakwenda Lisbon. Hakumwona mnyama yule maishani mwake. Alitwaa kalamu akachora, kisha mchoro ukachongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, na nakala zikachapwa karatasi kwa karatasi.

Matokeo yake ni mojawapo ya picha maarufu zaidi za mnyama kuwahi kuchapishwa duniani. Kifaru wa Dürer amevaa deraya kama askari aliye tayari kwa vita. Miguu yake ina magamba. Na juu ya mabega yake, mbali kabisa na pua, pamechomoza kipembe kidogo kilichosokotwa ambacho hakuna kifaru yeyote aliyewahi kuwa nacho. Ni kweli kwamba ngozi ya kifaru wa Bara Hindi ina mikunjo mikubwa inayofanana na mabamba. Lakini magamba na kile kipembe ni vitu vilivyozaliwa katika akili ya msanii. Hata maneno yaliyochapwa juu ya picha yana kosa: yanasema kwamba mnyama aliletwa mwaka 1513, ilhali yeye alifika miaka miwili baadaye. Maskini kifaru mwenyewe hakuishi kuyakanusha hayo. Mapema mwaka 1516, akipelekwa Roma kuwa zawadi kwa Papa Leo wa Kumi, alizama pamoja na chombo kilichombeba karibu na pwani ya Italia.

Msomaji atauliza: je, hapakuwa na picha nyingine? Ilikuwapo. Mwaka uleule wa 1515 msanii Hans Burgkmair wa mji wa Augsburg alichapisha kifaru wake. Yeye naye hakufika Lisbon, ila hakuongeza kipembe wala deraya, na miguu ya mbele ya mnyama wake imefungwa kamba, kama inavyofungwa miguu ya mfungwa. Picha hiyo ilikuwa karibu zaidi na ukweli. Leo imebaki nakala moja tu, inayohifadhiwa Vienna. Ile ya Dürer, kwa uzuri wake, ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1551 mwanachuoni Conrad Gessner wa Zurich aliiingiza katika kitabu chake kikubwa cha wanyama, na wengine wengi wakanakili kutoka kwa walionakili. Ilibidi kifaru mwingine wa Bara Hindi, jike aliyeitwa Clara, aletwe Uholanzi mwaka 1741 na kuzungushwa katika miji ya Ulaya ndipo watu wapate kuona kwa macho yao. Mwaka 1749 mchoraji Jean-Baptiste Oudry alimchora akiwa mbele yake mjini Paris, bila deraya na bila kipembe cha mgongoni. Baina ya kosa na masahihisho ilipita zaidi ya miaka 230.

Hapa pana funzo ambalo wahenga wetu walikwisha kulitamka: akili ya kuambiwa, changanya na yako. Mtoto wa Laikipia aliyewahi kumwona kifaru angeicheka picha ya Dürer mara moja. Ila watoto wa Ulaya hawakuwa na cha kuchanganya. Wala mtu asidhani kwamba hili ni jambo la kale lililokwisha. Leo hii kompyuta na simu zinaweza kutengeneza picha ya ndege, ua au mdudu kwa kuambiwa maneno machache tu. Mitambo hiyo haijamwona ndege. Imezipitia picha za ndege na maneno yanayoziandama, kisha ikaunda nyingine. Inafanya kazi ile aliyoifanya Dürer, bila kipaji chake, na kwa kasi isiyokuwa na kifani. Mwanafunzi anayebandika picha kama hiyo katika kazi yake ya sayansi bila kuuliza swali la kwanza anaturudisha mwaka 1515.

Kinyume cha Dürer yupo Ustad Mansur, mchoraji wa Mfalme Jahangir aliyetawala dola ya Mughal huko Bara Hindi kuanzia 1605 hadi 1627. Mwaka 1621 mfalme huyo aliletewa mnyama wa ajabu kutoka Uhabeshi. Alikuwa punda milia. Jahangir anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba watu walishuku kuwa mnyama amepakwa rangi, basi wakamchunguza hadi wakathibitisha kwamba ile milia ni yake ya kuzaliwa. Baada ya kuona, Mansur akachora. Picha yake, iliyoko London hivi leo, ina mnyama mmoja tu aliyesimama akiwa na hatamu, na kila mlia umefuatwa kwa subira kutoka uti wa mgongo hadi kwato. Hii ni picha ya aliyeona, tena akaona baada ya kushuku. Elimu yote ya sayansi imo katika hatua hizo mbili.

Lakini picha hiyohiyo inatufikisha kwenye swali la pili, yaani swali la jina. Kandokando ya punda milia yapo maneno ya Kiajemi yaliyoandikwa kwa mkono wa Jahangir mwenyewe. Yanaeleza mnyama katoka wapi, kaletwa na nani na kachorwa na nani; ila kwa jina yanamwita nyumbu, kama yule azaliwaye na punda na farasi. Tusimcheke. Binadamu akikutana na jambo geni hulipa jina la jambo alilolizoea. Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo: kimechukua punda, kikamwongezea milia, na jina likakamilika. Tofauti ni kwamba jina letu linakiri linachokifanya. Linasema wazi kwamba huyu si punda yule wa kubeba mizigo.

Mfano mkubwa zaidi wa nguvu ya jina unatoka katika pwani yetu wenyewe. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea Mfalme Yongle wa Uchina twiga, mnyama ambaye hakuzaliwa Bengal, kwani twiga hawana makao mengine ila Afrika. Mwaka uliofuata, 1415, wajumbe kutoka Malindi walifika huko Uchina wakiwa na twiga wao. Yule wa kwanza alichorwa, na juu ya picha yake msomi wa ikulu Shen Du akaandika utenzi wa kumsifu mfalme. Ukiitazama picha hiyo, ambayo nakala zake zimehifadhiwa hadi leo, utamtambua twiga bila shida: shingo ndefu, mabaka yaliyopangika kama nyavu, na mtu aliyeshika kamba akimtazama juu. Jicho la mchoraji halikukosea. Yaliyokosea ni maneno, kwani yanasema kwamba mnyama huyu ni qilin, kiumbe wa hadithi za Kichina mwenye mwili wa paa na mkia wa ng'ombe, ambaye huonekana duniani pale tu mtawala anapokuwa mwadilifu.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka. Kwa Dürer picha ilipotosha na mnyama alikuwa wa kweli. Kwa twiga wa Bengal picha ilisema kweli na jina likapotosha. Twiga wa Afrika aliondolewa Uafrika wake, akafanywa ishara ya uadilifu wa mfalme wa mbali. Na jina lile halikufa. Hadi leo Wajapani wanamwita twiga kwa neno kirin, ambalo ni jina lilelile la kiumbe wa hadithi. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kujua jinsi maneno yanavyosafiri asiende mbali; aanze na wanyama wetu.

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Ni nani aliyemwambia mchoraji? Mwaka 1699 mama mmoja aitwaye Maria Sibylla Merian, mwenye umri wa miaka 52, aliondoka Amsterdam pamoja na binti yake, akavuka bahari hadi Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini. Wakati huo bado walikuwapo wengi walioamini kwamba wadudu huzuka wenyewe katika tope na uozo. Merian alikuwa amewafuga viwavi na kuwatazama kwa miaka mingi, na alitaka kuwaona wale wa nchi za joto. Maradhi yalimrudisha mwaka 1701, na mwaka 1705 alichapisha kitabu chenye picha 60 zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba. Katika ukurasa mmoja mtazamaji huweza kuona maisha ya mdudu hatua kwa hatua, toka kiwavi hadi kipepeo, juu ya mmea anaoula.

Jambo linalonivutia mimi kama mwanaisimu ni kwamba Merian aliamua kuyahifadhi majina ya mimea kama yalivyotamkwa na wenyeji, na mtaalamu mwingine, Caspar Commelin, akaongeza ya Kilatini. Zaidi ya hayo, aliandika alichoambiwa. Katika picha ya 45 amechora mti mdogo wenye maua mekundu na ya manjano, mti ambao siku hizi umepandwa kama pambo katika bustani nyingi za nchi yetu. Chini yake akaeleza kwamba wanawake wenyeji waliotumikishwa na Waholanzi walizitumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na kwamba wanawake watumwa walioletwa kutoka Guinea na Angola walitishia kutozaa iwapo hawatatendewa vyema. Akaongeza kwamba hayo aliyasikia kutoka vinywani mwao wenyewe. Ua zuri likageuka kuwa ushahidi wa dhuluma. Anayeitazama picha bila kusoma maneno huona bustani. Anayesoma huona shamba la watumwa.

Hata hivyo, wanawake wale hawakutajwa kwa majina yao. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Wachukuzi, wawindaji, waganga na wakunga ambao waliwaonyesha wageni mmea upo wapi na unatumika vipi wamefutika, huku jina la mgeni likichapwa kwa herufi kubwa. Lakini haikulazimu iwe hivyo. Mjini Calcutta, kuanzia mwaka 1777 hadi 1782, Bibi Mary Impey, mke wa jaji mkuu Mwingereza, aliwaajiri wachoraji watatu wa Kihindi kuchora ndege na wanyama aliowafuga. Picha zao zilizidi 300, na katika nyingi ya hizo limeandikwa jina la mchoraji: Shaikh Zain al-Din, Bhawani Das au Ram Das. Jina la mnyama likaandikwa kwa Kiajemi pia. Kwa sababu ya mistari hiyo michache, leo tunawajua mabingwa watatu ambao wangepotea.

Sasa tugeukie kwetu. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yanahifadhi michoro ya mimea ya nchi hii iliyochorwa na Joy Adamson, yule ambaye wengi wanamjua kwa kisa cha simba Elsa. Majina pia yalikusanywa mapema. Padri Charles Sacleux alikusanya mimea na maneno kwa pamoja, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa mwaka 1939. Mtaalamu wa mimea P. J. Greenway, akiwa Amani katika milima ya Usambara, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937. Swali ni je, sisi walimu tumeifanyia nini hazina hiyo? Mwanafunzi wetu anaweza kutaja jina la Kilatini la mbuyu, Adansonia digitata, ambalo linamkumbuka Mfaransa Michel Adanson aliyeishi Senegal katika karne ya 18. Ni vyema alijue. Lakini je, ameelezwa kwamba lugha yake mwenyewe imekwisha kuuchambua mti huo kwa viambishi tu? Mbuyu ni mti, buyu ni tunda lake, ubuyu ni ile nyama kavu tunayoifyonza. Mzizi ni mmoja na ngeli ni tatu, na kila ngeli inaonyesha sehemu yake.

Chukua mnazi vilevile. Mchoro wa kigeni huweka nazi moja na jina moja. Mswahili ana upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Alichokifanya Merian kwa kiwavi na kipepeo kwenye bamba la shaba, watu wa pwani walikifanya kwa nazi katika msamiati. Huu nao ni uchunguzi wa maumbile, nao unastahili kuwekwa kando ya mchoro. Kijana anayemaliza shule akijua nazi na dafu tu amepoteza hatua nne za elimu ambazo babu yake hakuzilipia karo.

Na tusijidanganye kwamba muda ungalipo. Miongoni mwa picha zinazonasibishwa na Mansur ni ya dodo, ndege wa kisiwa cha Mauritius asiyeweza kuruka, iliyochorwa karibu mwaka 1625. Kabla ya karne hiyo kwisha dodo alikuwa ametoweka. Karibu nasi zaidi, mwezi Machi 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, alikufa Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, akawaacha majike wawili, Najin na Fatu. Iko siku ambapo kizazi kitamjua kifaru huyo kwa picha tu, kama Wajerumani wa enzi za Dürer. Tukiwaachia picha zisizo na maelezo, majina wala mashahidi, tutakuwa tumewaachia kipembe cha mgongoni.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu kwa walimu wenzangu. Kwanza, picha isomwe katika somo la Kiswahili kama inavyosomwa katika sayansi na historia. Mwanafunzi apewe mchoro wa kale pamoja na maneno yake, aandike insha akijibu yale maswali matatu. Michoro mingi ya aina hii imewekwa na makavazi na maktaba za nje mahali ambapo inaweza kuonekana bila malipo kwa simu au kompyuta ya shule.

Pili, kila shule iwe na daftari lake la maumbile. Mwanafunzi achore mti mmoja wa uwanjani mwao akiwa ameketi mbele yake, si kwa kunakili kitabu. Aandike jina la lugha ya mama, la Kiswahili na la Kilatini. Aandike tarehe na mahali. Na juu ya yote aandike ni nani aliyemtajia jina hilo na matumizi yake, awe nyanya yake, mchungaji au muuza dawa sokoni. Hakuna mfuko maalumu unaohitajika. Penseli na karatasi zinatosha.

Tatu, wachapishaji wa vitabu vya shule wataje chanzo cha kila picha na jina la aliyeichora, na iwapo imetengenezwa kwa kompyuta, waseme hivyo bila kuficha. Mwanafunzi ana haki ya kujua kama anaonyeshwa alichokiona mtu au kilichobuniwa.

Wapo watakaosema kwamba silabasi ni ndefu na mtihani hauulizi mambo haya. Jibu langu ni kwamba maswali yale matatu hayaishii kwenye picha. Anayezoea kuuliza kama msemaji aliona au alisikia, jina limetoka wapi, na ni nani aliyefichwa nyuma ya habari, atauliza hayohayo akisoma gazeti, akisikiliza hotuba ya mwanasiasa na akipokea uvumi katika simu yake. Kuuliza si ujinga. Taifa la watu wasiouliza ndilo linaloweza kuuziwa qilin likidhani ni twiga, na likatoa shukrani.